Springi Iliyotundikwa Msumarini

"Yule Fundi Kofia hatengenezi gari, analitega. Anaacha kitu ndani ili urudi."

Aliyesema hayo ni Bi Saluni, msusi wa nyumba ya tatu, siku aliyoleta gauni lake lipunguzwe kiuno. Aliyasema akijitazama kiooni, tumbo amelivuta ndani, kama mtu anayezungumzia mvua. Kisha akaongeza lile linaloongezwa siku zote:

"Mimi usinitaje. Nimesikia tu."

Mama Dereva alikuwa na pini nne mdomoni, hakuweza kujibu. Pengine mdomo ungekuwa mtupu angeuliza: umesikia kwa nani? Gari la nani? Kitu gani hicho? Hakuuliza. Alichomeka pini moja baada ya nyingine, na lile neno nalo likachomekwa humo humo. Bi Saluni aliondoka, neno likabaki. Alipokanyaga cherehani lilienda na pedeli, anaacha kitu, anaacha kitu, anaacha kitu. Alipoosha vyombo alilikuta kwenye povu. Mara tatu wiki ile alikosea kipimo cha mkono wa shati, yeye ambaye mtaa mzima ulijua kwamba jicho lake halihitaji futi.

Na alikuwa na sababu ya kuhangaika, kwa kuwa gari lililokuwa likipita mikononi mwa Fundi Kofia lilikuwa la binti yake.

Binti huyo ndiye aliyempa jina. Mtaani walimwita Dereva, na mama mtu akawa Mama Dereva, mpaka watu wengine hawakujua kama aliwahi kuitwa vingine. Kwa miaka sita Dereva aliendesha teksi ya bosi mmoja mwenye mdomo mchafu, aliyemwita "wewe kisichana" mbele ya abiria, na kila asubuhi akamwambia apumue usoni pake aone kama amekunywa, ilhali mtoto wa watu hajawahi hata kulamba. Mwaka ule Dereva alipata gari la kwake. Lilikuwa jeupe, kuukuu, na mlango mmoja wa nyuma ulikuwa na weupe wa aina nyingine. Fundi Kofia ndiye aliyelikagua na kulishughulikia kabla halijaingia barabarani. Siku Dereva alipomrudishia bosi funguo za teksi, bosi alicheka.

"Utarudi tu. Na ukirudi, utarudi kwa magoti."

Sasa Dereva alikuwa amepata kazi ya kueleweka. Mwalimu Mkuu wa shule iliyo juu ya kilima alikubali awapeleke walimu wanne kila asubuhi na kuwarudisha jioni. Kazi ingeanza Jumatatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya majaribio: akichelewa au gari likiharibika, basi. Mama Dereva alikuwa amemshonea blauzi mpya yenye kola ngumu, ili walimu wasimwone kama mtu wa kuokotwa.

Jumamosi adhuhuri, Dereva aliingia ndani akiwa amekunja uso.

"Mama, gari linavuja."

"Linavuja nini? Mafuta?"

"Maji ya rejeta, ya kupozea injini. Yametapakaa pale chini, ya kijani. Wafukuze kuku wa jirani wasiyanywe, yana sumu. Mimi nalikokota hadi kwa Fundi Kofia kabla hajafunga."

"Hulipeleki."

"Kwa nini?"

Mama Dereva akamweleza. Alieleza vizuri kuliko alivyosikia, maana neno likikaa kwa mtu siku nne huota miguu na mikono. Kwake sasa lilikuwa na mashahidi. Dereva akamsikiliza huku akizungusha funguo kidoleni.

"Mama, yule mzee amenitengenezea gari miezi minane. Hajawahi kuniibia hata nati."

"Utajuaje? Wewe unaona ndani ya injini?"

"Na wewe unaona?"

"Mwanangu. Tangu nikuzae nimekukataza kitu gani?"

"Vingi, Mama."

"Basi ongeza na hiki kimoja. Jumatatu yako siiachi mikononi mwa yule mtu. Namwita mjomba wako."

Dereva alishusha pumzi ndefu, akaziweka funguo juu ya meza ya kukatia. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, lakini sauti ile ya mama yake ilikuwa haijajua hivyo.

Mjomba, mdogo wake Mama Dereva, alikuwa fundi umeme. Nusu ya nyumba za mtaa ule aliziwashia taa yeye. Alifika na begi lake la vifaa na kicheko kilichomtangulia getini.

"Dada, umeniita kwenye gari? Kesho utaniita kuzalisha ng'ombe."

"Ni mipira tu inayovuja. Bomba ni bomba, wewe kila siku unalaza mabomba."

"Hapo umenena. Mpwa wangu, fungua boneti nilione hili tumbo."

Haki yake apewe: alifanya kazi kwa utulivu. Hakukimbilia kifuniko cha rejeta. Aliweka kiganja juu ya injini, akakitoa haraka, akasema, "Hili bado lina hasira," akakaa kusubiri saa nzima. Injini ilipopoa ndipo alipofungua kifuniko taratibu akiwa ameshika kitambaa. Aliweka beseni chini na kuachia maji yote yatoke, kisha akambebesha Mama Dereva beseni lile alifungie stoo, mbali na kuku na watoto wa majirani.

Kosa lilionekana bila tochi. Mpira wa juu, ule unaotoka kwenye injini kwenda rejeta, ulikuwa umevimba katikati, na ukiubonyeza unafunguka mstari kama mshono uliochoka. Mpira wa chini ulikuwa mgumu mwishoni, umepasuka pale klampu, ile pete ya chuma, ilipobana.

"Yote miwili inatoka," Mjomba alisema. "Ukibadilisha mmoja, wa pili utakulilia wiki ijayo."

Alilegeza klampu kwa bisibisi, akazisogeza nyuma. Mpira wa juu ulitoka kwa kuzungushwa. Wa chini ulikataa, umegandana na shingo ya rejeta. Mjomba aliuzungusha, akauvuta, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa dada yake, akauvuta tena. Ulipotoka aliuinamisha ili umalize maji, na ndani yake kikachungulia kitu cha chuma.

Alikishika kwa plaizi, akavuta. Ilitoka springi. Ilikuwa ndefu kama kiganja na vidole vyake, nene kuujaza mpira sawasawa, inang'aa, haina hata kutu.

Wote watatu waliitazama. Mama Dereva alilisikia tena lile neno. *Anaacha kitu.*

"Nilisema mimi!" alipiga mikono mapajani. "Nilisema nini? Nikaonekana mbea!"

"Mjomba," Dereva akauliza, "haiwezi kuwa inatakiwa kuwa humo?"

Mjomba aliigeuzageuza springi ile, na uso wake ukapata ule mng'ao wa mtu aliyekuta kitu cha kazi yake mahali asipokitegemea.

"Hii naijua. Ninayo kama hii kwenye begi." Akapekua, akatoa springi yake, ndefu na nyembamba. "Sisi tukitaka kukunja bomba la plastiki la kupitishia nyaya, tunatia springi ndani ili lisivunjike kwenye kona. Tukishakunja, springi inatoka. Haibaki! Ikibaki, waya haupiti. Sasa yeye amekunja mpira wake, kona imekaa, springi kaiacha humo. Maji yatapita wapi? Yanajibana. Yakijibana, presha inapanda. Ikipanda, mpira unapasuka. Ukipasuka, mteja anarudi."

Hoja ilikaa vizuri mno. Kila kipande kilishikana na kingine kama nguo iliyokatwa na mtu anayejua. Mama Dereva aliona machozi ya hasira yakimlenga.

"Tumuulize lakini," Dereva alisema. "Dakika tano tu, naenda na kurudi. Nampelekea aione."

"Umuulize nini? Unamuuliza mtego wake unafanya kazi vipi?"

"Mama..."

"Ukienda kwa mtu yule, blauzi hiyo nitaifumua leo leo."

Dereva hakwenda. Springi iliingia mfukoni mwa aproni ya mama yake. Mjomba alichukua ile mipira miwili ya zamani, akaenda nayo duka la vipuri ili apate inayofanana kwa urefu na kona. Laiti mpira wa chini ungefika kwenye kaunta na springi yake tumboni, labda muuzaji angesema jambo. Ulifika mtupu. Muuzaji alilinganisha, akatoa mipya miwili, laini, myeusi, yenye harufu ya viatu vipya, na klampu nne.

Mjomba alisugua shingo za rejeta kwa msasa mpaka zikawa safi. Alichovya ncha za mipira katika maji ya moto yenye sabuni ili iteleze, akaisukuma mpaka mwisho, akabana klampu bila kuzikaza kupita kiasi. Walijaza maji mapya ya kijani, wakawasha injini na kifuniko kikiwa wazi, hewa ikatoka kwa mapovu, wakaongeza tena. Gari liliunguruma palepale uani kwa nusu saa. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Mjomba alipitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo.

"Hata tone," alisema. "Kama nilizaliwa gereji."

Dereva alimkumbatia. Mama Dereva alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na cheko lile lilikuwa tamu, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine kitamu zaidi: alikuwa amesema kweli, na ushahidi ulikuwa mfukoni.

Jumapili asubuhi aliitundika springi kwenye msumari wa barazani, ule anaotundikia nguo zilizokwisha. Kila aliyekuja kuchukua suruali au kuleta kitambaa aliuliza hiyo ni nini, na kila aliyeuliza alipewa hadithi nzima, na hadithi ilinenepa kila ilipotolewa. Kufikia adhuhuri, mwenye pikipiki tatu alikuwa amezihamisha zote kutoka kwa Fundi Kofia. Mwalimu mstaafu alikwenda kulivuta gari lake kwa kamba likiwa halina hata taa za mbele, akasema atazifuata baadaye.

Alasiri Fundi Kofia alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya sufu kichwani hata katika joto lile, mikono ameiosha lakini weusi wa grisi umebaki kwenye kucha. Barazani walikuwepo wanawake watano na Bi Saluni wa sita. Dereva hakuwepo, alikuwa amekwenda kulipitisha gari mtaani polepole na kuliosha.

"Habari za hapa, Mama Dereva."

Mama Dereva hakuitikia. Alinyoosha mkono, akaiteremsha springi, akaining'iniza mbele ya uso wa mzee.

"Hii unaijua?"

"Naijua. Mmeitoa wapi?"

"Ananiuliza tumeitoa wapi! Si pale ulipoiweka?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Saluni akapiga vigelegele, ingawa baada ya kimoja alijirudisha nyuma ya wenzake.

"Mama, nisikilize," fundi alisema. "Irudisheni. Mpira ule wa chini hauendi bila hiyo. Gari lisipande ki..."

"Irudishwe ili tukurudie!" Mama Dereva alipaza sauti juu ya sauti yake. "Umetukamua miezi minane, sasa unataka na kazi ya kilimani utukamue! Mzee mzima, mvi hizo, huoni haya?"

"Mama, binti yako..."

"Binti yangu mtoe mdomoni mwako!"

Alisema kwa nguvu kiasi kwamba mtoto wa jirani alianza kulia. Fundi Kofia aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Akageuka akaenda zake. Mtu akamwigiza mwendo wake, wakacheka tena.

Mama Dereva alikuwa ameisikia ile kauli. *Irudisheni.* Ilimgusa mahali, kama pini iliyosahaulika kwenye mshono, inayokuchoma pale tu unapogeuka. Jioni Dereva aliporudi, gari likimetameta, aliuliza, "Kuna jipya?"

"Hakuna," Mama Dereva alijibu, akamwekea chakula.

Jumatatu Dereva aliondoka na blauzi yake yenye kola ngumu. Mama alisimama getini mpaka gari likapinda kona. Dereva aliwahi kuwafikia walimu wote wanne, wakapanda, wakasifia usafi. Barabara tambarare ilikwenda salama. Walipoanza kilima alikanyaga mafuta kama ipasavyo, gari likiwa limebeba watu wazima wanne na mikoba yao ya madaftari.

Katikati ya kilima mshale wa joto uliondoka katikati. Dereva aliuona. Aliinamia dashibodi kama atasikia harufu, hakusikia. Maji yalikuwa hayavuji, hilo alilijua kwa hakika. Hata tone. Nyuma yake mwalimu wa hesabu alikuwa akitazama saa. Zimebaki kona mbili, alijiambia, kona mbili tu.

Kona ya kwanza aliipata. Kwenye ya pili injini iligonga, kama mtu anayegonga sufuria kwa mwiko, mvuke mweupe ukafunika kioo, na gari likafa. Walimu walipanda kilima kilichobaki kwa miguu, mmoja ameshika viatu vyake vya kisigino mkononi. Mwalimu Mkuu aliwapokea getini, akitazama saa. Mchana alipiga simu, sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Pole, binti. Lakini majaribio ni majaribio."

Aliyekuja kulivuta gari alikuwa Fundi Kofia. Dereva alimpigia mwenyewe, bila kumwambia mtu. Walifika uani wamefunga kamba kwenye pikapu ya kuazima, na Mama Dereva alipowaona pamoja aliacha mkasi ukaanguka. Mjomba naye alikuwa ameitwa. Alikuja bila kicheko.

Fundi Kofia hakuwasalimia wala hakuwanunia. Alisubiri injini ipoe. Alijaza maji.

"Washa," alimwambia Dereva.

Injini ilikohoa, ikawaka kwa shida, moshi mweupe ukatoka nyuma.

"Mama Dereva, sogea hapa. Na wewe kaka. Tazameni mpira wa chini. Binti, kanyaga kidogo... kanyaga zaidi."

Injini ilipopanda sauti, ule mpira mpya laini ulijinyonya. Ulibonyea, ukashikana bapa kama mashavu ya mtu anayefyonza maji kwa mrija.

"Achia."

Mpira ukajaa tena, ukawa mzuri, kama haujawahi kufanya lolote.

"Tena."

Ukashikana tena.

"Zima." Fundi alijifuta mikono. "Pampu inavuta maji kutoka chini huku. Ukienda taratibu, inavuta taratibu. Ukipanda kilima inavuta kwa nguvu, mpira unashikana, maji hayapiti, injini inaungua. Na ukisimama kuangalia, unakuta mpira mzima. Springi inaushikilia usishikane. Hiyo ndiyo kazi yake. Gari hili lilipokuja kwangu halikuwa nayo, yule aliyewauzia gari alikuwa ameitupa. Niliitafuta kwa mafundi wenzangu siku mbili nikaitia kwa mkono wangu."

"Lakini kwenye mabomba ya umeme..." Mjomba alianza.

"Kwenye umeme hakuna kinachonyonya, kaka."

Mjomba aliketi juu ya begi lake la vifaa, akainamisha kichwa.

"Ila nashangaa," fundi aliendelea, sasa akimtazama Dereva. "Jana nilikuja nikasema irudishwe. Nikasema lisipande kilima. Hukuambiwa?"

Injini ilikuwa ikipoa, inatoa ule mlio mdogo wa chuma, ti, ti, ti. Dereva alimgeukia mama yake. Kola ya blauzi ilikuwa imelowa jasho na kulala.

"Mama. Alikuja?"

"Alikuja."

"Alisema?"

"Mwanangu, kulikuwa na watu, kelele, mimi..."

"Sikuulizi kelele. Alisema?"

Mama Dereva aliinama akaokota mkasi wake.

"Alisema."

Dereva aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji na kuona iko sawa. Alikwenda barazani, akaiteremsha springi msumarini, akaifuta kwa upindo wa blauzi yake mpya, akaitia mkobani.

"Fundi," alisema, "linaweza kupona?"

"Kichwa cha injini kimepinda. Kitapelekwa kwenye mashine kisawazishwe, gasketi mpya, mafuta mapya. Linaweza. Lakini si kwangu." Alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akajifuta kipara kilichokuwa na kovu refu la moto. "Mwenye uwanja ameniambia nihame, hataki fundi mwenye sifa kama zangu. Na hata ningebaki, Mama Dereva, nikiligusa gari hili, likiharibika kesho, utatundika nini msumarini?"

Hakungoja jibu. Alikunja kamba yake vizuri, akaondoka.

Jioni ile ile Mama Dereva alivaa khanga akaingia mtaani kulirudisha neno. Aligonga nyumba kwa nyumba. Kwa mwenye pikipiki alieleza mambo ya pampu na mpira, yule akamsikiliza akitabasamu.

"Kumbe na wewe ameshakununua! Amekupa nini?"

Mwalimu mstaafu alisema hana muda. Mwenye duka alisema hilo la springi hajalisikia, yeye alisikia ni misumari, na alisikia kwa mtu aliyeiona. Kwa Bi Saluni alikuta kichwa cha mteja kimesukwa nusu, rasta nyingine zikining'inia.

"Wewe ndiye uliyeniambia," Mama Dereva alisema.

"Mimi? Si nilikwambia usinitaje? Sasa unanitaja mpaka kwangu, mbele ya wateja!"

"Lilikuwa gari la nani? Niambie hilo tu."

Bi Saluni alizungusha macho. "La shemeji yangu. Lilikuwa linarudi rudi gereji. Lakini naye shemeji, mshale ukipanda anafunika na kitambaa asiuone." Akacheka, na mteja wake akacheka. "Mimi nilikuwa naongea tu, shoga. Wewe ndiye uliyetundika."

Mwisho wa mwezi uwanja wa Fundi Kofia ulibaki na doa jeusi la mafuta na kiti kimoja kibovu. Gari jeupe lilibaki uani, hela ya kulitengeneza haijapatikana, kuku wa jirani wakalala chini yake. Dereva alirudi kwa bosi. Hakupigishwa magoti. Bosi alimwoshesha teksi zote tatu kwanza, madereva wenzake wakitazama, kisha akamwambia apumue usoni pake.

Nyumbani hakumgombeza mama yake hata siku moja. Alimwamkia asubuhi, alisema asante kwa chakula, alisema yuko njiani akirudi. Mama Dereva angependa agombezwe. Siku moja alipokuwa akitafuta funguo kwenye mkoba wa binti alikuta springi bado imo, imefungwa kwenye leso, akairudisha kama alivyoikuta.

Msumari wa barazani ulikaa mtupu wiki nzima. Kisha Mama Dereva alichukua karatasi ya kukatia mitindo, akaandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa, wa kushikana, akaitundika pale ambapo kila mteja angeisoma akisubiri nguo yake. Wengine husoma, wengine humtazama yeye badala ya karatasi.

MAMBO YA KUEPUKA

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Usiache maji ya kijani chini wala kwenye chupa ya kunywea. Ni sumu.

Usibadilishe mpira mmoja ukaacha mwenzake uliochoka.

Usitoe kitu ndani ya mpira ukakiita takataka kabla hujajua kazi yake.

Usipeleke mpira wa zamani dukani bila kilichokuwemo ndani.

Usimwite fundi wa kazi nyingine kwa sababu tu ni ndugu yako.

Usiseme gari limepona kwa sababu halivuji likiwa limesimama.

Mshale wa joto ukipanda, usiseme bado kona mbili. Simama.

Usichukue neno la mtu anayesema asitajwe.

Usipaze sauti ili usimsikie anayekuelekeza.

Usimfiche mwenye gari ulichoambiwa.